Mti wa Heshima Getini Kwangu

Ijumaa, 1 Agosti

Coralie kapiga simu. Nilikuwa nalisha kuku, simu nikaibana kati ya sikio na bega. Binti wa marehemu kaka yangu Didier. Anakuja Jumapili na mchumba wake, Mbretoni, mtu wa kule baharini, jina lake Erwan, mwoka mikate. Watakaa kwangu wiki nzima. Ndoa ni mwishoni mwa Septemba.

Anataka kuona tena ngome, meza ya mawe, kanisa dogo — kila mahali nilipokuwa nikimzungusha alipokuwa mtoto. Halafu akasema: "Baba mdogo, kuna jambo la harusi nataka kukuomba. Si la kwenye simu."

Si la kwenye simu. Mtu mzima aambiwe nini zaidi? Didier hayupo. Bibi harusi haingii kanisani peke yake kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Anahitaji mkono wa kushika. Mkono ni huu hapa, uliomshika nguruwe mwitu sikio mpaka akaomba radhi.

Nikaenda kwa Josiane kunywa kidogo. Nilikusudia kunyamaza, na nilinyamaza mpaka glasi ya kwanza ikaisha.

Josiane akaegemea kaunta yake. "Kakwambia kwa mdomo wake kwamba anaolewa hapa Chantegrel?"

"Josiane, ufunguo wa kanisa anao nani?"

"Wewe."

"Basi."

Lucien Delbos akasikia, akageuza kiti. Akasema kama ni hivyo mti wa heshima lazima usimame getini kwangu. Kwa desturi ni wiki ya harusi, lakini yeye mwisho wa mwezi anabadilishwa nyonga hospitali, na bila yeye hakuna anayejua kuusimamisha mti usiangukie paa la mtu. "Tutausimamisha Jumamosi ijayo, binti akiwa bado yupo, atoke atushukuru. Msonobari natoa mimi, msituni kwangu. Wewe mvinyo. Na usituletee ule wako wa kuzibulia mabomba."

Miti yote ya heshima ya kijiji hiki imepita juu ya bega langu. Wa meya. Wa mtoto wa Lucien. Wa Sylvie. Getini kwangu haujasimama hata mmoja. Sikupata nafasi ya kuoa — ndivyo ninavyowaambia watu.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefagia chumba cha zamani cha Didier. Buibui wa huko wana ukubwa wa kutisha paka. Nimetandika shuka za mama.

Nimejaribu koti la suti. Halifungi. Nguo ikikaa kabatini muda mrefu hunywea. Likiachwa wazi linanipa heshima zaidi.

Nilipita chumbani mule mule nikiongea: huku dirisha, huku maji, taulo ziko hapa. Kujizoeza tu.

Jumapili, 3 Agosti

Wamefika. Gari dogo, vumbi tupu. Coralie kanenepa kidogo, kapendeza. Ana paji la uso la Didier, na namna ileile ya kusimama na mguu mmoja mbele kama anayengoja treni. Nilijifanya naangalia magurudumu.

Erwan ni mrefu, mpole, hasemi sana. Mikono yake ina makovu ya tanuri. Nilimpa supu, na ilipobaki kidogo chini ya bakuli nikammiminia mvinyo mwekundu humohumo, nikamwonyesha: viwiko mezani, inua bakuli, kunywa. Akanywa. Masharubu yake yakawa mekundu, Coralie akacheka mpaka akashika ubavu.

Niliwasimulia yule samaki wa kule bwawani, aliyeivuta mashua yangu kutwa nzima mpaka nikaona nyumba za kijiji nisichokijua. Erwan akauliza, kwa adabu kabisa, "Sasa ulirudije?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema samaki alikuwa mkazi wa huku, jioni akarudi kwao.

Tukafika kwenye habari za safari. Nikawaambia kama ninavyowaambia wote: tangu nitoke jeshini sijalala nje ya Chantegrel usiku hata mmoja. Watu wa televisheni waliniita Paris kwa habari ya yule nguruwe, nikawajibu, Paris ikinitaka na ije. Coralie akaimalizia pamoja nami neno kwa neno. Anaikumbuka. Tangu ana miaka sita anaikumbuka.

Sasa wamelala. Kupitia ukutani nasikia sauti mbili zinaongea chini chini. Sisikii maneno. Nimekaa tu jikoni nazisikiliza. Nyumba hii ilikuwa imesahau.

Jumatatu, 4 Agosti

Ngome. Tumepanda kwa njia ya mbuzi, mimi mbele. Walinisubiri mara mbili tatu, nilikuwa nasimama kuangalia mandhari.

Mnara umebaki nusu. Miiba imeingia mpaka kwenye meko ya ukutani. Nikawaonyesha dirisha ambapo babu yetu wa kale, seremala wa ngome, aliwafukuza Waingereza peke yake kwa kuwatupia mizinga ya nyuki. Mizinga arobaini.

"Zamani ulikuwa mzinga mmoja," Coralie akasema.

"Nyuki huzaliana."

Erwan aliweka kiganja ukutani, akakiacha pale muda. Akasema jiwe hili la njano linashika joto kama mgongo wa tanuri. Sijawahi kulifikiria. Ni kweli.

Tukala mkate na mafuta ya bata juu ya ukuta, miguu ikining'inia. Chini mto, mashamba ya miti ya jozi, paa letu. Nikamwambia Coralie, "Kutoka kanisani mpaka nyumbani kengele itasikika vizuri." Akanitazama haraka, akasema, "Ndiyo. Kengele." Akabana midomo. Nikaelewa kwamba hajawa tayari kuniomba. Simharakishi.

Kurudi tulipita mbele ya nyumba ya meya. Erwan akauliza ule mlingoti ni wa umeme au wa simu. Coralie akamweleza: ni msonobari, wanaubandua magome, wanaacha kichwa cha majani juu, wanafunga bendera na ubao, wanausimika getini kwa mtu aliyechaguliwa au anayeoa. Mwenye nyumba anawanywesha.

"Unatolewa lini?"

"Hautolewi. Kuukata ni mkosi na ni aibu. Unaozea hapohapo mpaka uanguke wenyewe."

Kisha tukapita kwa Sylvie. Mti wake bado umesimama, mweusi sasa, bendera imebaki uzi. Mume wake aliondoka kabla ya Krismasi ya mwaka uleule wa ndoa, na huyu Sylvie kila siku anafungua geti, anaupita. Kaweka chungu cha maua chini yake. Erwan alivua kofia, sijui kwa nini.

Jumanne, 5 Agosti

Wameenda mapangoni kule kwenye watalii, wenyewe wawili. Coralie aliniuliza kama nakuja. Nikasema nina kazi nyingi. Alipaswa kuuliza mara ya pili.

Sikuwa na kazi.

Nilikuwa nimeshafunga mkate wa watu watatu. Nimekula nimesimama, mwingine nimewapa kuku. Mchana nikaenda kanisani kuzipaka bawaba mafuta, zisije zikalia siku ile. Nikapita katikati ya viti, polepole, kiwiko nimekitoa nje kidogo. Kuna mahali sakafu imeinuka, lazima nimwonye kwa ajili ya gauni.

Lucien kasimamisha trekta barabarani. Msonobari kashauchagua, mnyoofu, anasema hajawahi kutoa mzuri hivyo. "Kwa Didier," akasema. "Na kwako wewe, bwege." Akaondoka kabla sijamjibu.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike kama ilivyokuwa.

Asubuhi meza ya mawe, lile kaburi la watu wa kale kule msitu wa mialoni. Nilimwambia Erwan kwamba lile bamba la juu marehemu baba alilisogeza kwa mgongo ili jua la jioni liingie. Coralie akapanda juu akalala chali kama alivyokuwa akifanya mtoto, tukakaa tukisikia ndege. Nilikuwa na furaha. Naiandika ili ijulikane ilikuwepo.

Halafu kanisa. Erwan akasema atabaki nje kwenye kivuli, na sasa naona walikuwa wamepanga.

Kwanza tulisimama kaburini kwa Didier, ukuta wa kaskazini. Coralie akachuchumaa akakwangua kuvu kwenye jina la baba yake kwa ukucha. Nikafungua mlango. Ufunguo ule mzito, mlango haukulia. Ndani baridi, harufu ya jiwe bichi na panya. Akaenda moja kwa moja kwenye kamba ya kengele, akaishika kwa mikono miwili bila kuivuta.

"Baba mdogo. Ndoa tunafungia kwao Erwan, Bretagne. Bibi yake hawezi tena kutoka nyumbani, na ndiye aliyemlea. Mama atanishika mkono kuingia."

Nikasema ndiyo. Sijui nilikuwa nakubali nini.

"Sasa ombi langu. Saa tisa alasiri, nitakapokuwa naingia kanisani kule, wewe hapa piga kengele. Kwa ajili ya baba. Nijue kwamba wakati uleule inalia juu yake. Hakuna mwingine ninayeweza kumwomba." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Na najua wewe hutoki Chantegrel. Nisingetaka kukusumbua na safari ya siku nzima, mahotelini, watu usiowajua. Nimefikiria sana nikupe kitu kilicho chako."

Ni ombi zuri. Kalifikiria vizuri, kwa upendo, na hakuna neno hata moja ndani yake ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kulisema mezani huku nikijipiga kifua.

Nikamjibu nitaipiga mpaka ng'ombe wa kule mjini Brive wasimame. Nikamwambia kengele hii imeyeyushwa kutoka kwenye mizinga ya maadui, kwamba inahitaji mgongo wa dume, kwamba padri wa zamani alijaribu akarushwa mpaka madhabahuni. Mdomo uliendelea wenyewe, kama farasi anayerudi zizini bila mtu juu yake. Coralie akanikumbatia. "Nilijua utakubali."

Tulitoka. Erwan aliangalia uso wake, kisha wangu. Wangu aliuangalia muda mrefu zaidi.

Sikuwaambia habari za mti.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua.

Erwan anaamka kabla ya majogoo, mazoea ya kazi. Nilimkuta jikoni anakanda unga wangu wa zamani. Tukawa hapo, yeye na mimi na mvua. Akauliza, "Baba mdogo, bahari umewahi kuiona?"

"Niliiona jeshini. Haikunishangaza."

Akakanda. "Kwa bibi yangu kuna chumba cha juu. Dirisha lake linaangalia bahari. Mwezi wa tisa hakuna mtu ndani."

Nilisikia. Si kiziwi. Neno lilikuwa hapo kwenye ulimi, dogo tu. Nikasema, "Na kuku nitamwachia nani?"

"Kweli," akasema. Akafunika unga kwa kitambaa.

Kutwa nzima nimewaangalia hao kuku. Wamejikunyata chini ya gari, wajinga, wala hawanihitaji.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeenda kwa Josiane nikiwa nimeamua kusema. Nilijipanga njia nzima: jamani, mabadiliko kidogo, vijana wa siku hizi.

Lucien alikuwa hapo na utomvu mpaka kwenye nyusi. Mti kashaukata. Kaubandua mwenyewe, na nyonga yake hiyo. Kaufunga kichwa kwa utepe wa rangi za taifa. Mke wake kaandika ubao kwa rangi nyeupe, herufi za maua: HESHIMA KWA BIBI HARUSI. "Mara ya kwanza getini kwako," Lucien akasema. "Tulikuwa tunasema tutasubiri mpaka uchaguliwe kuwa papa." Watu wakacheka, wakanigonga mgongoni, mtu akanilipia glasi. Wote walikuwa wamefurahi kwa ajili yangu. Ungesemea wapi hapo?

Nikawasimulia yule nguruwe. Walikuwa wawili.

Walipotoka Josiane akabaki anafuta meza moja tu, ileile. "Si hapa, sivyo?"

Nikaangalia glasi.

"Ni kwao yule kijana."

"Bretagne."

"Na wewe unakwenda?"

"Kuku —"

"Kuku," akasema. Akaendelea kufuta. Hakuongeza neno, na ningependa angeongeza.

Kesho nitawahi kuamka nimkamate Lucien kabla hajapakia.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikumkamata. Nilipofungua mlango trekta lilikuwa getini, msonobari umelala nyuma yake, mweupe kama mtu aliyetoka kuoga. Wanaume wote. Coralie alikuwa ameshatoka kwa miguu kupeleka maua kwa baba yake, wanaondoka baada ya chakula cha mchana.

Erwan akatoka na kikombe cha kahawa. Lucien akamtazama urefu wake, akamwambia, "Bwana harusi, weka hicho, shika kamba." Akashika. Hakujua. Ubao ulikuwa umefunikwa na gunia, hufunuliwa mwisho. Mimi nikaweka bega langu kama siku zote. Shina linateleza, utomvu unanata shingoni. Lucien anapiga hesabu, sisi tunasukuma, nguzo ndefu zenye panda zinashika, kamba zinavuta, na mti unapanda — kuna mahali unakuwa mzito kuliko yote, halafu ghafla hauna uzito kabisa, umesimama. Kichwa cha majani kimepita paa langu. Nilitazama juu mpaka nikaona kizunguzungu. Ni mzuri. Niseme nini. Ni mzuri kuliko wa meya.

Lucien akapanda ngazi, nyonga na yote, akavuta gunia.

Erwan akasoma ubao. Hakuachia kamba. Akanitazama tu, juu ya vichwa vya watu wote, na midomo yake ikasema kitu bila sauti. Nafikiri ilikuwa: wanajua?

Na Coralie akawa anakuja barabarani, mikono mitupu, utando wa buibui kwenye nywele. Akasimama pale kona. Aliangalia juu. Mguu mmoja mbele.

Lucien akavua kofia. "Haya, mrembo. Desturi ni neno moja la shukrani. Halafu utuambie ni saa ngapi hapo kanisani, mashati yapigwe pasi."

Wote wakamngoja. Yeye ananiangalia mimi.

Nikasema nakwenda kuleta kizibuo.

Kizibuo ninacho mfukoni. Nimekaa jikoni. Naandika kwa sababu mikono haitaki kukaa bure.

Dirisha liko wazi kidogo. Nasikia Coralie anawaambia ni mti mzuri kuliko yote aliyowahi kuiona, na kwamba atalisema lililobaki Baba mdogo akitoka, walisikie pamoja naye. Sauti haikutetemeka. Ni mtoto wa Didier huyo. Hakuniumbua. Ananingoja. Lucien anasema huyu mzee amemezwa na ghala lake la mvinyo.

Josiane naye kafika. Nasikia kikapu chake kinawekwa chini. Anaongea kwa sauti ya juu, sauti ya kufika ndani: "Kuku wangapi hawa? Hawa hata mimi nawaweza. Wiki nzima."

Mti utakaa hapo. Mwaka huu, mwaka ujao, na mingine. Nitafungua geti nitaupita. Watu watasema ndoa ilifungwa kwingine, mti ukabaki kwa Régis. Au watasema Régis alikwenda.

Nimepanda kwenye kiti. Sanduku la safari la Didier liko juu ya kabati, lile la kahawia. Nimelishusha. Vumbi lake limenifanya nipige chafya, nje wakacheka. Ndani hakuna kitu, karatasi ya kutandikia tu. Koti la suti litaingia likikunjwa mara moja.

Na kengele. Kengele hata Josiane anaweza kuivuta. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Kamba yenyewe ni nyepesi.

Anagonga kioo. Ni Coralie. Ameweka viganja pembeni mwa macho ili aone ndani. "Baba mdogo, unatafuta nini huko muda wote huu?"

Ameniona. Sasa ameliona sanduku hapa mezani, limefunguliwa, na hacheki. Anangoja nijibu —